Taa ya Uduvi

Mayai ya artemia, uduvi wa maji ya chumvi, yanafanana na vumbi la kahawia. Yangu yalitoka Great Salt Lake, Marekani. Makavu, hulala miaka bila kufa. Mimi nayaamsha, na nilikuwa najisifu kwamba nayapa uhai: lita ya maji, gramu 25 za chumvi, pampu ya hewa. Saa 24 hivi, yameanguliwa.

Kisha nazima pampu, nawasha taa pembeni. Vitoto vinakimbilia mwanga; hapo navivuta kwa mrija, nawapa samaki.

Samaki kula, sawa. Kinachonisumbua ni taa. Mwanangu aliuliza, "Baba, mbona unawadanganya?" Nikamjibu samaki wana njaa. Kweli, lakini nani aliyewafungia tangini?

Taa nitaendelea kuiwasha. Kujisifu, basi.