Maji Twahara na Maji Salama

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa tuyaonayo na tusiyoyaona. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu wa Kisii na Nyamira, liko neno lisemwalo mara nyingi kwenye chemchemi zetu: "Maji haya twatawadhia, basi yatatudhuru vipi tukiyanywa?" Neno hili lachanganya mambo mawili. Katika kuhukumu twahara ya maji, wanazuoni hutazama rangi, ladha na harufu yake. Ama usalama wa kuyanywa hauonekani kwa jicho tupu.

Mwaka 1674 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alitazama maji ya ziwa kwa lenzi yake, akaona viumbe wadogo mno wakiogelea. Leo mwanafunzi akilitia chini ya hadubini tone la maji yaliyotuama kando ya Mto Gucha, aghalabu ataona viumbe wa seli moja wenye vinyweleo vipigavyo kama makasia. Paramesia ana umbo la wayo wa kiatu, naye huenda akijizungusha. Vortisela ni mfano wa kengele juu ya kikonyo kijikunjacho ghafula. Hawa hawatudhuru, lakini hula bakteria, basi wakiwa wengi ni dalili kwamba bakteria nao wamo.

Yuko mwenzao, Balantidio, aingiaye matumboni mwa watu akaleta kuhara. Hutambulikana kwa kiini chake kikubwa mfano wa haragwe, na maskani yake hasa ni nguruwe. Wala asiseme mtu, "Sisi hatufugi nguruwe." Mvua ya vilimani huosha mazizi ya watu wote, na mto ni mmoja.

Asiyejifunza kupambanua ima huwaogopa wote, ima hamwogopi hata mmoja; nasi tumeamrishwa kuhakikisha kabla ya kuhukumu.

Basi maji ya kunywa na yachemshwe, yatokote barabara kwa dakika moja. Palipo juu ya mita 2000 yatokote dakika tatu, kwani huko maji hutokota kabla ya kupata moto wa kutosha. Kisha yatiwe katika chombo safi chenye kifuniko. Kumpa mtoto maji mabichi na kusema, "Nimetawakali," si tawakali, bali ni uzembe. Na mtoto ni amana tutakayoulizwa.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie kuitumia. Amin.