Mwezi wa Mayahudi na Mwezi Wetu

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twasema: ndugu yetu mmoja, mtu wa Pwani aliyehamia Kitengela kwa biashara, ametuletea suala. Jirani yake si Myahudi wa nasaba, bali ni katika Wakristo wanaoshika Sabato na sikukuu za Taurati. Alimkuta ndugu yetu amefunga Ashura, akamwambia mbele ya mwanawe: "Saumu hiyo mmeiazima kwa Mayahudi, kisha mkaipoteza siku yake." Usiku ule mtoto akamwuliza babake kama ni kweli, naye hakuwa na jawabu.

Yatupasa kwanza tuijue hesabu ya watu hao, kwani wengi wetu twapenda kujibu kabla ya kujua. Mayahudi, kama sisi, huhesabu miezi kwa mwezi mwandamo, na siku yao huanza jua likichwa. Lakini Taurati imewaamrisha Pasaka yao iwe katika mwezi wa Abibu, wakati shayiri ya Sham inapotoa masuke. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi. Lau wangaliuacha hivyo, Pasaka ingaliondoka katika majira yake. Basi katika kila miaka 19 huongeza mwezi wa kumi na tatu mara 7. Zamani mashahidi waliouona mwezi walihojiwa mbele ya wanazuoni wao, kisha mioto ikawashwa vileleni kupasha habari. Baadaye, walipokwisha kutawanyika, wakashika hesabu. (Anayedhani kuwa maneno ya mwandamo yalianza Mombasa, na ajue hayo.)

Ama sisi, tumeelezwa katika Surat at-Tawba, aya ya 36 na 37, kuwa miezi ni 12, na kuiahirisha kumelaaniwa. Tufanye insafu: waliokemewa ni washirikina wa Kiarabu, waliokuwa wakiihamisha miezi mitukufu ili wapate kupigana, si haki kumtupia Myahudi aya hiyo. Lakini hukumu yake kwetu i wazi, hatuongezi mwezi. Ndiyo sababu Ramadhani huzunguka majira yote kwa miaka 33 hivi. Mwislamu wa Kajiado huifunga katika kiangazi kikali, ng'ombe wakipelekwa mbali kutafuta maji, na huifunga katika masika nyasi zikiwa mbichi. Kwake mchana haubadiliki sana; lakini nduguye aliye Uingereza, lau saumu ingalifungiwa mwezi wa Juni, angalibeba mchana wa saa 16 na zaidi umri wake wote.

Sasa Ashura. Imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba Mtume, alipofika Madina, aliwakuta Mayahudi wamefunga kwa kuwa siku hiyo Mungu alimwokoa Musa na Firauni. Naye akabainisha kuwa Waislamu wana haki zaidi kwa Musa, akafunga na kuamrisha ifungwe. Tena imepokewa kwa Bibi Aisha kuwa Makureshi walikuwa wakiifunga tangu zama za ujahili, na Mtume pia. Basi huko kuazima kuko wapi? Ramadhani ilipofaradhishwa, mwaka wa 2 wa Hijra, Ashura ikabaki hiari. Na mwisho wa uhai wake Mtume aliazimia kufunga na tarehe tisa, ili tusifanane nao.

Na siku haikupotea. Mwaka 2024 Ashura yetu iliangukia Julai, na saumu kuu ya Mayahudi, tarehe 10 ya mwezi wao wa Tishri, ikawa 12 Oktoba. Hesabu mbili zimeachana njia, kila moja kwa amri inayoifuata.

Basi ndugu yetu, mwite mwanao umweleze haya polepole, mpaka aweze kuyasema yeye mwenyewe. Na jirani yako akikukuta tena umefunga, usimgombeze, mkaribishe futari.