Shahada ya Mwaka wa Maradhi

Neno shahada katika lugha yetu lina maana mbili, na wengi wetu hulitumia kwa moja wakaisahau ya pili. Kijana akihitimu chuo kikuu twasema amepata shahada. Na mtu akisimama mbele ya kadhi akaeleza aliyoyaona, hiyo nayo ni shahada. Maana hizi hazikukutana kwa bahati. Karatasi ya chuo ni ushahidi: walimu wawaambia watu wasiomjua kijana huyu kwamba wao wamemwona, wamempima, na wamemkuta na kiasi kadha cha elimu. Basi swali letu ni hili: afanye nini shahidi ikiwa mwaka ule hakuona sawasawa?

Swali hili hatukulizua. Tarehe 13 Machi 2020 Serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamrisha skuli na vyuo vifungwe. Wanafunzi wa vyuo wakapewa muda hata Ijumaa, tarehe 20, wawe wameondoka. Binti wa jirani yetu alirejea Mombasa na begi moja. Baada ya muda masomo yakahamia katika simu, na nyumbani kwao simu ya kufaa ilikuwa moja, watoto watatu, na bando likinunuliwa kidogo kidogo kama mafuta ya taa. Mtihani aliufanya, akapita. Lakini yeye aliyezoea alama za juu alipata za kati na kati. Mwenziwe wa darasa moja, mwenye chumba chake na kompyuta yake, alipata kama alivyozoea. Mwalimu aliandika alichokiona katika karatasi za majibu. Hatuwezi kusema amesema uwongo, wala moyo haukubali kusema kwamba amesema kweli.

Katika Marekani vyuo kadha viliona jambo hili mapema. Harvard, katika muhula ule wa mwanzo wa 2020, iliondoa alama za kawaida kwa wanafunzi wake wote wa shahada ya kwanza; kila mmoja akaandikiwa ama ametosheleza au hakutosheleza, na neno dharura likatiwa ndani ya alama yenyewe. Stanford na Yale nao waliondoa alama kwa wote. Vyuo vingine viliacha hiyari: atakaye alama achukue, na atakaye neno "amepita" achukue hilo.

Kwa mtazamo wa kwanza hiyari yaonekana ndiyo insafu zaidi, kwani haimlazimishi mtu. Lakini tuitazame inapofika mbele ya mwajiri. Kijana aliyekuwa na utulivu atachagua alama, maana zitamfaa. Aliyefikwa na msiba atachagua "amepita". Na yule asomaye karatasi zao miaka mitano baadaye atajiuliza, huyu alikuwa akificha nini? Hiyari imegeuka kuwa ungamo. Kwa sababu hiyo mimi naona waliofanya kwa wote walikuwa karibu zaidi na haki, ijapokuwa waliwakasirisha wengi.

Nao waliokasirika wana hoja, wala si ya kudharauliwa. Wasema: kijana maskini aliyekesha, akasoma kwa taa ya kibanda, akapata alama ya juu pamoja na shida zote, leo mwamwandikia neno lile lile aliloandikiwa mvivu. Je, hiyo si dhulma? Naam, ni dhulma, na huyo ndiye ninayemwonea huruma kuliko wote, kwa kuwa alama ndiyo mali yake ya pekee. Sina jawabu la kumtosheleza. Nasema tu kwamba alichonyang'anywa ni sifa ya muhula mmoja, na mihula mingine anayo. Ilhali yule aliyezama ameandikiwa jambo ambalo halikuwa lake.

Zaidi ya hapo pana tofauti ambayo katika mabishano yale ilipotea: kusamehe kipimo si sawa na kusamehe somo. Italia, Machi 2020, iliwaondolea wahitimu wa udaktari mtihani wa serikali wa kuwaruhusu kufanya kazi, hata madaktari wapya wapatao 10,000 wakaweza kuingia kazini upesi. Walioondolewa mtihani walikuwa wamekwisha kusoma miaka sita. Elimu ilikuwamo, kilichokosekana ni mizani ya mwisho. Lakini mwanafunzi ambaye hakufundishwa mishipa ya damu kwa sababu chuo kilifungwa, huyo hasaidiwi kwa kuandikiwa "amepita". Yeye alipwe siku zake, kama mwenye kukosa saumu kwa ugonjwa anavyozilipa siku nyingine.

Kulipa siku nako kuna gharama, na sisi Kenya twaijua. Wizara ilitangaza Julai 2020 kwamba mwaka wa skuli umepotea. Mtihani wa kidato cha nne wa 2020 ukafanywa Machi na Aprili 2021. Kisha mihula ikafupishwa ili kalenda ifukuzie miezi iliyopotea, hata ikarudi mahali pake Januari 2023. Kwa hiyo miezi ya 2020 haikulipwa na 2020. Ililipwa na watoto wa 2021 na 2022, waliosoma mbio mbio, wakapumzika kidogo, na wazazi wao wakadaiwa ada kabla ya kupumua. Wako pia ambao hawakurudi kabisa.

Waingereza walijaribu njia nyingine, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Mitihani ya kuingilia vyuo ilipovunjwa, hesabu ya mashine ilitumika kurekebisha alama walizokisia walimu, na hesabu ile ikatazama matokeo ya skuli ya mtoto katika miaka iliyopita. Tarehe 13 Agosti 2020 alama karibu 40 katika kila 100 zilikuwa zimeshushwa. Mtoto hodari wa skuli dhaifu alihukumiwa kwa makosa ya waliomtangulia, watu asiowajua. Kelele zilikuwa nyingi, na baada ya siku nne Serikali ikarejea kwenye alama za walimu. Walimu nao walikuwa wamekisia kwa ukarimu, lakini angalau walikuwa wamemwona mtoto.

Binti wa jirani yetu alihitimu baadaye. Katika orodha ya alama zake muhula ule umekaa kati ya mingine, bila neno lolote kuonyesha ulikuwa muhula gani. Alipoitwa kuhojiwa kwa kazi aliulizwa kwa nini alishuka pale. Alieleza khabari ya simu na ndugu zake, na aliyemwuliza akatikisa kichwa kwa adabu, kisha akafungua ukurasa wa pili.