Asiye na Karatasi

Ndugu msomaji, mwaka 2002 ilitoka filamu ya kusisimua iitwayo Dirty Pretty Things, iliyoongozwa na Stephen Frears. Yamhusu Okwe, daktari wa Kinaijeria anayeishi London bila ya kibali. Mchana huendesha teksi, usiku hufanya kazi mapokezi katika hoteli. Usiku mmoja akuta moyo wa binadamu umeziba choo cha chumba. Ndipo agunduapo kuwa meneja wa hoteli huwatoa figo wageni wasio na karatasi, na malipo yao ni pasi ya bandia. Hapana awezaye kwenda polisi, maana mwenye kushitaki ndiye atakayekamatwa.

Kisa hicho ni cha kubuni, lakini swali lake ni la kweli: mtu asiye na karatasi ana haki gani juu yako?

Usiseme hayo ni ya Ulaya. Juni 2012, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, ilikutwa porini miili ya Wahabeshi zaidi ya 40. Walisafirishwa kwa siri ndani ya lori, wakafa kwa kukosa hewa, wakatupwa. Nao ni watu wa Habasha, nchi iliyowapokea Masahaba walipokimbia mateso ya Makka, yapata mwaka 615! Makureshi walipeleka wajumbe na zawadi ili warudishiwe watu wao. Najashi akawasikiliza wakimbizi kwanza, kisha akakataa kuwatoa.

Tuseme mmoja wa wale wa Kongwa angalisalimika, akafika Mitundu, kusini ya Itigi mkoani Singida, akabisha hodi jioni. Hajui lugha, hana pasi. Mwenye nyumba afanyeje? Yampasa ampe habari mwenyekiti wa kijiji, kwani nchi ina mipaka na sheria zake. Lakini kabla ya mwenyekiti kuna kiu, na kiu haingoji kibali. Kumnywesha mgeni na kumwarifu mwenyekiti si mambo yapinganayo; mtu mmoja aweza kuyatimiza yote mawili kabla ya Isha.

Basi wa kuogopwa si askari aulizaye karatasi, wala si mwenye huruma atoaye maji. Wa kuogopwa ni yule wa tatu: haarifu wala hahurumii, hunyamaza tu, kwa kuwa khofu ya mgeni ndiyo mtaji wake. Kijijini mgeni hafichiki, kila mtu atamwuliza atokako. Mjini hufichika, na afichikaye ndiye aliwaye. Tena mla watu huyo hujisifu, "Mimi nimemsitiri." La! Sitara humgharimu mwenye kusitiri. Ikimtajirisha, hiyo ni biashara.

Tazama nyumbani kwako, ndugu yangu. Yuko yaya, au mlinzi, au kibarua, unayempa nusu ya ujira kwa sababu hana pa kushitaki? Tumefundishwa kumlipa mfanya kazi kabla jasho lake halijakauka, wala haikushurutishwa kwamba awe na pasi.

Na wako vijana wetu wa pwani waliozamia meli, ambao leo wanaosha vyombo katika miji ya watu. Mama zao huwaombea kila alfajiri wapate tajiri mwenye imani. Dua hiyo hiyo yuko mama mwingine, mbali, anayemwombea mwanawe aliye jikoni mwako. Je, wewe ndiye jibu lake?

Wallahu aalam.