Hukumu ya Mlangoni

Atokaye ukumbini mwa sinema huulizwa: imependeza? Hujibu “tamu” au “imepooza”, na njia huendelea. Hapana dhambi hapo. Shaka huanza pale jibu hilohilo linapopewa kitabu kama Maus.

Katika katuni hiyo, iliyokamilika mwaka 1991, Art Spiegelman alimchora babake, Vladek, aliyenusurika Auschwitz. Wayahudi ni panya, Wajerumani paka. Wala mzee hakufanywa walii: ni bahili, humsumbua mkewe wa pili, tena (ajabu ya mja) humdharau mtu mweusi aliyepewa lifti na mkwewe. Msomaji asemaye “mzee huyu kanichosha” hasemi uongo. Mwana mwenyewe alichoshwa, na uchovu wake ameuchora. Ila yeye alichoka baada ya kuketi miaka akisikiliza. Msomaji kachoka kwa jioni moja, kisha maneno yao yakafanana.

Januari 2022 bodi ya shule ya McMinn, jimboni Tennessee, Marekani, ilikiondoa kitabu hicho katika masomo ya darasa la nane kwa kura 10 bila kupingwa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni matusi na picha ya uchi. Matusi yamo kweli. Picha nayo imo, ndogo mno: ni mama wa mchoraji, Anja, aliyejiua mwaka 1968, kalala bafuni. Wajumbe waliuona uchi. Kujiua nako kulitajwa miongoni mwa sababu.