Shahidi wa Kuchaguliwa

Usiku wa tarehe 12 Agosti, 2020, ardhi ilitikisika hapa Kunduchi na katika Dar es Salaam yote. Tetemeko lilianzia chini ya Bahari ya Hindi, ukubwa wake ukikaribia 6. Waliokuwa ghorofani walishuka mbio. Majumba yakasimama, na mazungumzo yakaisha upesi, labda upesi mno.

Mhandisi atakaye kujua kama jumba litahimili tetemeko hawezi kulingoja lije. Huchukua kumbukumbu za mitikisiko iliyopita, zilizonaswa na mitambo, akalitikisa jumba kwa hesabu. Lakini pwani yetu haina akiba ya kumbukumbu za namna hiyo, basi yambidi aazime ugenini. Ile ya El Centro, California, ya mwaka 1940, imeazimwa duniani kote. Je, yatufaa? Mwaka 1985 jiji la Mexico liliharibiwa na tetemeko lililoanzia mbali, zaidi ya kilometa 300, kwa kuwa udongo laini wa ziwa la kale uliukuza mtikisiko. Nasi Kunduchi tuna jiwe la matumbawe lipasuliwalo kokoto, na hatua chache kutoka hapo tuna mchanga na tope la mikoko.

Kumbukumbu zilizopo ni maelfu. Mtu aweza kuzichambua hata apate zile ambazo jumba lake litazishinda. Hakughushi tarakimu hata moja. Kila karatasi ni ya kweli. Hata hivyo sisi twauita huo uongo, kwani amewasikiliza mashahidi kwanza, ndipo akaamua nani aitwe barazani. Kanuni za Ulaya zataka kumbukumbu zisipungue tatu; zikiwa chini ya saba, hufuatwa tokeo baya kuliko yote; zikifika saba, wastani waruhusiwa. Kanuni hiyo twaipenda: ajuaye machache hana ruhusa ya kujipa moyo.

Mwenye jumba atasema kwamba nondo na saruji ni ghali, na matetemeko makubwa ni nadra. Ni haki yake kusema hivyo, ijapokuwa Bukoba, tarehe 10 Septemba, 2016, tetemeko la 5.9 liliua watu. Lakini anayelala ghorofa ya tano ni mpangaji, naye hakuulizwa. Basi sababu za kuchagua kumbukumbu hizi na kuziacha zile ziandikwe kabla ya hesabu kufanywa, zihifadhiwe pamoja na ramani za jumba, na mhandisi mwingine, asiyelipwa na mwenye jumba, aruhusiwe kuzisoma.