Jasho la Hiari



Mwenyezi Mungu alipomwumba mtu hakumweka katika jumba apate kuketi, bali alimweka katika bustani, akampa kazi mbili: kuilima na kuitunza. Ndivyo kitufundishavyo kitabu cha Mwanzo. Tena yafaa tuangalie kwamba kazi hiyo ilitolewa kabla ya dhambi. Miiba na taabu vilikuja baadaye. Kazi yenyewe ni heshima, si adhabu. Juma hili twataka kunena juu ya bustani iliyo mali ya wote, na juu ya mikono ipasayo kuitunza.

Tuitazame wilaya ya Rungwe. Juu ya mji wa Tukuyu umesimama Mlima Rungwe, ambao kilele chake hufika mita 2,960 hivi kutoka usawa wa bahari. Msitu wake ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Humo anaishi kipunji, kima ambaye wataalamu walimwona mara ya kwanza mwaka 2003, baada ya kusikia habari zake kwa wenyeji waliomjua tangu zamani. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilikadiria kwamba kima hao walikuwa 1,100 hivi ulimwenguni kote. Lakini msitu huo si wa kima peke yao. Huipokea mvua nyingi ya Rungwe, ukaihifadhi katika udongo, ukairudisha polepole katika chemchemi na katika mito kama Kiwira na Mbaka, inayoshuka mpaka Ziwa Nyasa. Mama anayechota maji bondeni wakati wa kiangazi anachota fadhili ya mlima.

Basi, mlima huu ni wa nani? Sheria yajibu kwamba ni hifadhi ya Serikali kwa manufaa ya wananchi wote. Lakini mtu anayewasha moto ovyo kando ya msitu, au anayelima hadi ukingoni mwa chemchemi, hujibu kwa matendo yake kwamba si wa mtu. Hapo ndipo penye hatari, ndugu zangu. Mali ya mtu mmoja hulindwa na ua na mbwa. Mali ya wote yahitaji hasa dhamiri. Dhamiri ikilala, moto hauna wa kuuzima.

Mwaka 2015 Rais John Magufuli aliagiza sikukuu ya Uhuru, tarehe 9 Desemba, itumiwe kwa kazi za usafi badala ya gwaride, na baadaye ikaja desturi ya usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Agizo lilikuwa jema. Hata hivyo, agizo laweza kumtoa mtu nyumbani na fagio mkononi, lisiweze kumpa moyo wa kupenda. Wako watokao kwa kuogopa faini, wakafagia mbele ya mlango wao, na takataka wakazisukumia kwa jirani. Mkristu hutakiwa kuvuka mpaka huo. Yampasa atoe jasho mahali ambapo hakuna atakayemlipa wala kumwandika jina.

Labda msomaji atauliza: "Nami nitapata nini?" Hatuoni aibu kumjibu kwamba atapata afya. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika miongozo yake ya mwaka 2020, lawataka watu wazima waushughulishe mwili kwa kadiri dakika 150 hadi 300 kwa juma, tena watie misuli nguvu angalau siku mbili. Kufyeka, kuchimba mashimo ya miche, kubeba maji na mawe, yote hayo huhesabiwa. Mwaka 1998, katika kijiji cha Sonning Common huko Uingereza, daktari William Bird alianzisha chama cha watu waliotunza maeneo ya asili kwa hiari ili wapate mazoezi. Walinyosha viungo kwanza, ndipo wakashika majembe. Mfano huo ulienea katika sehemu nyingi za nchi hiyo. Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Basi si haki kuliacha hekalu hilo lichakae kitini.

Twajua kwamba mkulima aliyeshinda katika viazi au migomba hana haja ya kuhubiriwa mazoezi. Maneno haya yatuelekee kwanza sisi tunaokula mkate wa kuketi: makarani, walimu, wenye maduka, madereva, na mapadre pia. Shinikizo la damu na kisukari vyabisha hodi kwetu. Katika kazi hii mkulima na awe mwalimu wetu. Atuonyeshe jinsi ya kushika fyekeo bila kuumiza mgongo, nasi tukubali kufundishwa. Zamani vijana wa Kinyakyusa wa rika moja walijenga kijiji chao pamoja. Nasi twaweza kujifunza tena kwamba ujirani hujengwa kwa mikono mingi.

Kazi zipo. Kwanza, watu wa jumuiya wawaendee maofisa wa misitu na viongozi wa kijiji, kwa maana hifadhi haiingiwi ovyo hata kwa nia njema. Wakiruhusiwa, wasafishe njia na kufyeka ukanda wa kuzuia moto kabla ya kiangazi. Kando ya mito, ambako Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60, wapande miti ya asili wakati wa mvua, wala wasipande mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi. Kupanda ni kazi ya asubuhi moja. Kupalilia miche ni kazi ya miaka. Wazee na wagonjwa wafanye kwa kadiri ya nguvu zao na kwa shauri la daktari.

Wala tusifanye peke yetu. Wamoraviani wamekuwapo Rungwe tangu mwaka 1891, nao Walutheri na Waislamu ni jirani zetu. Maji ya mlima hayamwulizi mtu dini yake kabla ya kumkata kiu. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aliiita dunia nyumba yetu sote. Basi, wenye nyumba na wakutane.

Papa Pius XII aliiweka sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi mwaka 1955, ili wafanyakazi wawe na msimamizi ambaye mikono yake ilijua kazi. Hakuna neno hata moja la Yosefu lililoandikwa katika Injili. Twamjua kwa matendo yake. Jumamosi ijayo, msomaji mpendwa, usingoje tarumbeta. Chukua jembe lako, mwite mwanao, mpitie jirani, mwende. Mungu aliyewapa mlima na maji awabariki.